Mkono wa mama umejifunga ngumi: je, akubali sindano ya sumu?

Ukurasa wa maswali ya wasomaji kuhusu misuli, viungo na mishipa ya fahamu. Anayejibu ni mtaalamu wa fiziotherapia, mstaafu, Tanga.

Shikamoo mama. Mama yangu mzazi ana miaka 61. Mwaka juzi alipata kiharusi cha upande wa kulia. Mguu umerudi kiasi, anatembea na mkongojo hadi kwa jirani, lakini mkono umejikunja kifuani na vidole vimejifunga ngumi. Kuvifungua ni vita, na kiganja kinatoa harufu hata tukiosha kila siku. Daktari wa mishipa ya fahamu Dar es Salaam ameshauri achomwe sindano ya botulinamu. Tulipofika nyumbani mjomba akasoma kwenye simu kwamba hiyo ni sumu kali kuliko zote duniani, tena chanzo chake ni soseji. Sasa mama hataki hata kuisikia. Tunaogopa pia kama kuna kitu cha haramu ndani yake. Tufanye nini? — Binti wa Pangani

Marahaba mwanangu. Pole sana, na mpe mama pole yangu.

Mjomba hakusoma uongo, ila alisoma nusu. Ni sumu kweli. Inatengenezwa na bakteria anayeitwa Clostridium botulinum, anayependa chakula kilichofungiwa mahali pasipo hewa. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, huko Württemberg, Ujerumani, watu walikuwa wakila soseji zilizoharibika wanalegea mwili mzima, kope zinaanguka, kumeza kunashindikana, na wengine wanakufa kwa kushindwa kupumua. Daktari wa wilaya aliyeitwa Justinus Kerner aliandika habari zao kwa makini sana, na ndiyo maana neno lenyewe limetokana na neno la Kilatini la soseji. Huyo huyo Kerner, katika miaka ya 1820, alisema kitu ambacho mjomba hakufika kukisoma: kwamba sumu hii ikitolewa kwa kiasi kidogo mno huenda ikawa dawa ya misuli inayojikaza ovyo. Ilichukua zaidi ya miaka 150 mpaka daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, akaijaribu kwa binadamu wenye makengeza. Mwaka 1989 Marekani ikaikubali rasmi kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba zenyewe. Mwaka 2010 ikakubaliwa kwa mkono uliokakamaa kama wa mama yako. Kwa hiyo matumizi ya kulainisha makunyanzi usoni, ambayo ndiyo kila mtu anayajua, yalikuja nyuma ya wagonjwa wa macho na wa mishipa.

Sasa nikueleze inachofanya, maana mama akielewa hofu itapungua. Msuli haujikunji wenyewe, unangoja amri. Mshipa wa fahamu ukifika kwenye msuli unamwaga kemikali iitwayo asetilkolini, na msuli ukiipata ndipo unajikunja. Kiharusi kimeharibu ile sehemu ya ubongo iliyokuwa ikizuia amri zisizohitajika, kwa hiyo misuli ya kukunja vidole vya mama inaamrishwa usiku na mchana. Dawa hii inaingia kwenye ncha ya mshipa na kukata protini inayosaidia kuimwaga ile kemikali. Mshipa unapiga kelele, msuli hausikii. Basi unalegea. Hailali kwenye ubongo wala haimfanyi mama asinzie kutwa, tofauti na vidonge vya kulegeza misuli viitwavyo baclofen, ambavyo huenda tayari anavimeza. (Kama anavimeza, msivikatishe ghafla kwa sababu mmepata sindano. Kukatisha ghafla kunaweza kuleta degedege. Daktari ndiye avipunguze kidogo kidogo.)

Haianzi siku hiyo hiyo. Mtangoja siku kadhaa, na nguvu yake kamili huonekana baada ya wiki mbili au zaidi. Kisha, kama miezi mitatu ikipita, mshipa unajitengeneza upya na msuli unaanza kusikia tena. Sindano nyingine haichomwi kabla ya wiki 12, kwa sababu kuchoma mapema kunaweza kuufanya mwili ujenge kinga dhidi ya dawa, isifanye kazi tena.

Hapa naomba usome polepole. Sindano hairudishi mkono. Kama vidole havikuwa na nguvu ya kushika kijiko kabla ya sindano, havitaipata kutoka kwenye chupa. Kinachopatikana ni mkono uliofunguka: unaosheka, unaokatwa kucha, unaoingia kwenye mkono wa gauni bila mama kulia. Mtu ambaye hajawahi kumuuguza mgonjwa wa namna hii anaweza kuona ni kitu kidogo. Mimi sioni hivyo.

Nilikuwa na fundi cherehani mmoja, mtu mzima, kiharusi kilimwachia ngumi ya mkono wa kushoto kwa mwaka na miezi. Mkewe alikuwa akipenyeza kipande cha kanga katikati ya vidole kwa mpini wa kijiko ili afute jasho ndani. Siku ya 12 baada ya sindano tukakaa naye, beseni la maji ya uvuguvugu kwenye stuli, mkono umelowekwa mpaka kwenye kiwiko. Nikakunja kifundo cha mkono kwanza, nikakitoa kidole gumba, kisha cha shahada, kisha vingine vitatu vikafuata vyenyewe, polepole, kama mtu anayeamka. Kiganja kilikuwa cheupe na kimelainika kama cha mtu aliyefua kutwa, na katikati yake alama nne za kucha, kila moja imejipinda kama mwezi mwandamo. Moja ilikuwa kidonda. Ndiyo iliyokuwa ikitoa harufu. Mkewe akakata kucha zote tano, akazikunja kwenye kipande cha gazeti akazifukie, na hakusema neno mpaka alipomaliza. Harufu unayoiandika mwanangu naijua, na si uchafu wenu. Mkifungua ngumi itaondoka.

Mwaka mmoja baadaye nilimwona mama mwingine, ngumi ile ile, dawa ile ile. Familia iliuza ng'ombe kulipia. Alichomwa vizuri, mkono ukalegea, akarudishwa kijijini na karatasi ya kurudi baada ya miezi mitatu. Kwenye ile karatasi hapakuandikwa neno moja kuhusu mazoezi, na sisi wa chumba cha mazoezi hatukujua kwamba amechomwa. Aliporudi mwezi wa nne ngumi ilikuwa kama siku ya kwanza. Lile jambo linaniuma hadi leo, kwa kuwa hospitali ilikuwa moja na mlango wa daktari na mlango wetu vilitenganishwa na ukumbi tu.

Kwa hiyo kabla hamjalipa chochote, hakikisheni mmepata miadi ya fiziotherapia ndani ya wiki mbili baada ya sindano. Kama hakuna mtaalamu karibu na Pangani, mwambie wa Dar akufundishe wewe, kwa mkono wa mama yako, si kwa maneno. Kifundo kikunjwe kwanza ndipo vidole vifunguliwe, maana ukivuta vidole huku kifundo kimenyooka unashindana na misuli yote kwa pamoja. Vikishafunguka, inua kifundo taratibu, shikilia, hesabu mpaka 30, legeza, rudia mara kumi. Asubuhi, mchana, jioni. Usiku avae banzi la kushikilia vidole vikiwa wazi. Fundi wa viungo bandia anaweza kulitengeneza. Kama kuna kidole chochote kinachotikisika chenyewe, hata kidogo, kipeni kazi: afute meza kwa taulo, asukume donge la unga wa maandazi kwa kiganja. Miezi mitatu ndiyo mnayo.

Lipo jambo la kupima nyumbani kabla. Mama akiwa usingizini kabisa, jaribu kuvifungua vidole polepole sana. Vikifunguka kuliko mchana, ni dalili nzuri kwamba tatizo kubwa ni amri za mshipa, na dawa ina kazi ya kufanya. Visipofunguka hata chembe, huenda misuli imeshafupika na viungo vimeganda, na hapo sindano peke yake itawala fedha bure. Mwambieni daktari mlichoona. Mwambieni pia kama mama anatumia warfarin au aspirini, dawa za kuzuia damu isigande, wengi wenye kiharusi wanazitumia, na ni sindano kadhaa zinazochomwa ndani ya msuli. Na kama amewahi kuambiwa ana ugonjwa wa kulegea misuli, ule unaofanya kope zianguke jioni, hilo lisemwe kabla ya yote.

Kuhusu haramu: soseji ilibaki Württemberg. Bakteria sasa anakuzwa kiwandani kwenye matangi, na sumu inasafishwa, inakaushwa, inatiwa kwenye chupa ndogo. Aina zinazotumika zaidi zina albumini, ambayo ni protini inayotokana na damu ya binadamu waliojitolea, iliyosafishwa. Nimekuambia kilichomo ili umwulize shehe wenu ukiwa na habari kamili. Hukumu yake si kazi yangu.

Nina miaka 38, Mombasa, naendesha tuktuk. Tangu mwaka jana shingo yangu inageuka kushoto yenyewe, inatetemeka, na maumivu yanashuka mpaka begani. Nikigusa kidevu kwa kidole inarudi katikati, nikiachia inaenda tena. Familia imenipeleka kwa waganga wawili, wakasema ni jini. Rafiki yangu anafanya kazi hospitali na anasema kuna sindano. Ni kweli? — Dereva

Ni kweli, na hicho kidole kwenye kidevu kimeniambia mengi. Ugonjwa huu wa shingo kupinda kwa misuli inayojikaza unaitwa distonia ya shingo, na hiyo mbinu ya kugusa uso ikatulia ni moja ya alama zake zinazojulikana sana kwa madaktari wa mishipa ya fahamu. Wengine wanagusa shavu, wengine wanaegemeza kisogo kwenye kiti. Haimaanishi unaigiza. Nalisema kwa sababu wagonjwa wengi wa namna hii wameambiwa hivyo na ndugu zao: "mbona ukijishika inanyooka?" Inanyooka kwa sababu ubongo unapata habari nyingine kutoka kwenye ngozi, na kwa muda mfupi amri mbaya inavurugika. Familia yako ilihangaika kwa mapenzi, usiwalaumu. Ila tatizo liko kwenye sehemu za ubongo zinazoratibu mwendo wa misuli, na kuna mtu wa kulitibu.

Kabla ya sindano, daktari lazima aulize dawa ulizotumia. Dawa za kuzuia kutapika kama metoclopramide, na za magonjwa ya akili kama haloperidol, zinaweza kukunja shingo. Kama uliwahi kuzitumia kabla tatizo halijaanza, andika jina na mwezi.

Kwa distonia ya shingo, sindano hii ndiyo tiba inayotangulia katika nchi nyingi. Marekani iliiidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 2000. Daktari anatafuta misuli inayovuta, na haiwi mmoja. Shingo ikigeuka kushoto, mara nyingi ule msuli mnene wa mbele unaovimba ni wa kulia, na wa nyuma unaosaidia ni wa kushoto. Anayejua kazi yake atakukalisha, atakuambia uiachie shingo iende inakotaka, na ataigusa kwa muda mrefu kabla ya kufungua chupa. Wengine wanatumia ultrasaundi au mashine ya kusikiliza umeme wa msuli. Mwambie asiharakishe.

Athari ya kuangalia kwa shingo ni kumeza. Dawa ikisambaa kidogo kwenye misuli ya koo, wiki ya kwanza au ya pili chakula kinaweza kukwama. Kula umekaa wima, tonge dogo, ugali laini na mchuzi mwingi, usile huku unaendesha. Ukishindwa kumeza mate, sauti ikibadilika sana au pumzi ikawa fupi, hiyo ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Na ukiumwa kitu kingine katika wiki hizo, mwambie daktari yeyote atakayekuona kwamba umechomwa botulinamu, kwa sababu antibayotiki kama gentamicin zinaweza kuongeza ulegevu.

Halafu tuktuk. Kama shingo inageuka yenyewe barabarani, huoni kinachotoka kulia kwako. Najua ndiyo riziki. Naomba upumzike mpaka utibiwe, au umpe mwingine aendeshe mgawane hesabu.

Nina kipandauso tangu shule ya msingi. Kuna saluni hapa Dodoma wanachoma Botox usoni na wameniambia itaondoa na kichwa pia, kwa bei nafuu. Niende? — Mwalimu

Usiende, mwalimu. Dawa ni ya kweli, Botox ni jina la kibiashara la botulinamu hii hii, lakini mahali sipo. Tiba hii ilikubaliwa Marekani mwaka 2010 kwa kipandauso sugu tu, yaani kichwa kinachouma siku 15 au zaidi kwa mwezi, na angalau siku 8 kati ya hizo ziwe za kipandauso chenyewe. Kama kichwa kinakushika mara mbili kwa mwezi, sindano hii si yako, zipo tiba nyingine. Na kwa wanaostahili, hazichomwi mbili tatu kwenye makunyanzi ya paji la uso. Ni sehemu 31, kuanzia paji la uso, mbavu za kichwa, kisogo, shingo mpaka mabega, kwa mpango maalumu, na jumla yake ni yuniti 155 za Botox.

Neno yuniti lina mtego. Yuniti za kampuni moja si sawa na za nyingine. Yuniti 100 za Botox na yuniti 100 za Dysport hazina nguvu sawa, na mtu anayezichanganya anaweza kukupa dozi isiyo yako. Anayekuchoma lazima aweze kukuambia ni aina gani, yuniti ngapi, na akuoneshe chupa ikiwa bado haijafunguliwa. Chupa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na ikishachanganywa na maji ya chumvi inatakiwa itumike ndani ya saa 24. Bei nafuu ya saluni unatakiwa kuiuliza imetoka wapi. Mwaka 2024 mamlaka za Marekani, nchi yenye ukaguzi mkubwa, zilitangaza kwamba kuna Botox bandia sokoni na watu walilazwa. Anza kuandika daftari: tarehe, saa, kichwa kimeuma upande gani, umemeza nini. Mwezi mmoja ukitimia nenda nalo kwa daktari.

Mtoto wangu ana miaka minne na mtindio wa ubongo. Anatembea kwa ncha za vidole, visigino havigusi chini. Tumeambiwa sindano kwenye misuli ya nyuma ya miguu. Si mdogo mno? Itabidi maisha yake yote? — Baba, Mwanza

Si mdogo mno. Umri huo ndio mara nyingi madaktari wanaoupenda, kwa kuwa msuli wa nyuma ya mguu bado unanyooka. Dozi inahesabiwa kwa kilo zake, kwa hiyo apimwe uzito siku hiyo hiyo, wasitumie wa kliniki ya mwezi uliopita. Watoto wengi hupewa dawa ya kutuliza ili wasipate hofu ya sindano, uliza mapema kama atatakiwa kukaa bila kula.

Si lazima iwe maisha yote. Mara nyingi lengo ni kupata miaka kadhaa ya kukua misuli ikiwa imenyooka, ili upasuaji usogezwe mbele au usihitajike. Lakini kama nilivyomwambia binti wa Pangani, miezi mitatu ya ulegevu bila kazi ni fedha imemwagwa. Kwa mtoto kazi hiyo ni banzi la mguu, wakati mwingine plasta ngumu kwa wiki chache ili kuuvuta msuli, na kusimama. Kusimama kwingi. Msimamishe kwenye meza ya chini, visigino vimebanwa na mikono yako, huku akichezea kitu anachokipenda. Dakika kumi, mara nyingi kwa siku, zina maana kuliko saa moja ya kilio. Kama ana kaka au dada, wafundishwe nao. Wao humsimamisha bila yeye kujua kwamba ni mazoezi.

Wiki ya pili au ya tatu anaweza kuonekana anaanguka zaidi kuliko zamani. Usishtuke sana. Alizoea kusimama kwa msaada wa ule ukakamavu, na sasa anajifunza upya kwa mguu uliolegea. Mshike mkono, punguza ngazi. Akilegea shingo, akikohoa kila anapomeza au akipumua kwa shida, hilo si la kusubiri, nenda hospitali.

Na malapa yake ya zamani usiyatupe. Yapeleke siku ya miadi pamoja na mtoto. Ulaji wa soli pale mbele utamwonesha daktari ni mguu upi unaokaza zaidi akiwa anacheza nyumbani, kwa sababu mbele ya mtu wa koti jeupe mtoto hatembei kama anavyotembea uani kwenu. Baada ya sindano mnunulie mapya, uyapige picha soli kila mwisho wa mwezi. Ukiona kisigino nacho kimeanza kulika, nitumie hiyo picha.